Baba anakohoa: maoni yangu kuhusu filamu ya The Road

Kikohozi cha baba kinaanza mapema, na mtu aliyezeekea wodini kama mimi hawezi kukipuuza. Ni kile kinachotoka chini kabisa kifuani, ambacho mgonjwa hugeukia pembeni ili wenzake wasione alichotema. Najua wengi mtaitazama filamu hii mkiwasubiri wala watu. Mimi nilikuwa nasikiliza pumzi za Viggo Mortensen, anayeigiza baba, na haijafika nusu nilishajua kwamba huyu baba safari haimalizi. Wala simharibii mtu uhondo, maana filamu yenyewe haifichi. Anayeficha ni baba, na anayefichwa ni mtoto. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Kwa asiyeijua: The Road ni filamu ya mwaka 2009 ya mwongozaji John Hillcoat wa Australia, kutokana na riwaya ya Cormac McCarthy ya mwaka 2006, ile iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Mswada wa filamu uliandikwa na Joe Penhall, Mwingereza ambaye kazi yake kubwa ni michezo ya jukwaani. Kisa chenyewe unaweza kukisimulia kwa pumzi moja. Kitu fulani kilitokea, saa zikagota saa 7 na dakika 17, ukaonekana mwanga mkali, vikasikika vishindo, basi. Miaka imepita. Miti imekufa imesimama, na mingine inaanguka yenyewe. Majivu yamefunika kila kitu, wanyama hawapo, hakuna kinachoota. Baba na mwanawe, ambao hatuambiwi majina yao, wanasukuma toroli la dukani kuelekea kusini, baharini, wakitumaini huko baridi itapungua. Wana bastola yenye risasi mbili, na risasi hizo hazikuwekwa kwa ajili ya adui. Moja ni ya mtoto, nyingine ni ya baba.

Kuna watakaokasirika kwa kutoambiwa ni nini hasa kilichoiua dunia. Bomu? Kimondo? Volkano? Kitabu hakisemi, na filamu nayo haisemi. Kwangu ni sawa kabisa. Majeruhi akiletwa usiku anavuja damu, sihitaji kujua gari lililomgonga lilikuwa la rangi gani ndipo nimfunge kidonda. Filamu hii inaanzia kwenye kidonda.

Sasa njaa, maana hapa ndipo nilipokuwa na mengi ya kukagua. Filamu nyingi za mwisho wa dunia zina waigizaji wenye misuli na meno meupe, nywele zimevurugwa kidogo ili tuamini wamehangaika. Mortensen hakufanya mchezo huo. Alijikondesha kweli, na anapovua nguo kuingia majini unaona mbavu, mabega yaliyochongoka, na ngozi iliyolegea pale ambapo nyama ilikuwepo zamani. Meno yamechafuka. Hainami ovyo, kwa sababu kuinuka tena ni gharama. Nimewaona watu wa namna hiyo na nimewabeba, na sikuona kosa lolote kwake.

Mtoto ni habari nyingine. Kodi Smit-McPhee alikuwa na miaka 11 wakati wa kupiga picha, na anaigiza vizuri kupita umri wake, hasa anaponyamaza. Lakini mashavu yake yamejaa. Mtoto aliyezaliwa baada ya dunia kufa, akakua kwa makopo ya kuokoteza, angekuwa kimo chake hakilingani na miaka yake, nywele zimenyauka, fizi zinatoka damu kwa kukosa mboga na matunda. Sisemi wangemnyima mtoto wa watu chakula ili mimi niridhike. Ila mpambaji aliyeyachafua meno ya Mortensen kwa ustadi ule angeshindwaje kupunguza mashavu ya kijana kwa kivuli kidogo?

Kuna jambo jingine la njaa ambalo filamu inalikosa. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, wakakaa na njaa kwa wiki 24, ili ijulikane namna ya kuwarudishia afya watu wa Ulaya waliokuwa wanateketea kwa njaa ya vita. Kukonda kila mtu alikutarajia. Kilichoshangaza ni vichwa vyao: waliota chakula, walisoma vitabu vya mapishi usiku na mchana, walilamba sahani, na hamu ya wanawake ikawaisha kabisa. Ndiyo maana ndoto na kumbukumbu za baba kuhusu mkewe, zenye mwanga wa jua na ngozi laini, zilinipa shida. Mwanamume mwenye njaa kiasi kile haoti shingo ya mkewe. Anaota sahani.

Hata hivyo, filamu inapokiweka chakula mkononi mwa watu hawa, inajua inachofanya. Baba anapata kopo la Coca-Cola na kumpa mtoto, ambaye hajawahi kuonja kitu chenye mapovu maisha yake yote. Anakunywa, anashtuka, halafu anamtaka baba naye anywe. Baba anataka kumwachia yote. Mtoto hakubali. Hakuna muziki wa kutuambia tulie, ni ubishi mdogo tu wa nani anywe. Humo humo unaona kwamba mtoto ameshaanza kumwangalia baba kwa macho ya mtu anayejua.

Halafu handaki. Wakiwa karibu kufa wanagundua mlango ardhini, na chini yake chumba kilichojaa vyakula vya kopo, vitanda, mishumaa, pombe, vitu ambavyo mtu fulani aliviweka akiba na hakuwahi kuvitumia. Wanakula mpaka wanashiba. Kitaalamu hapa ningepiga kelele. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu ukimpa mlo mkubwa kwa ghafla unaweza kumuua: fosfeti na potasiamu kwenye damu hushuka, na moyo hushindwa. Tunaanza kidogo kidogo, tunapima, tunaongeza. Hawa wawili wanafakamia kila kitu na kesho yake wako salama. Haya, filamu imetaka wafurahi, tuwaachie.

Kwa sababu kinachofuata ndicho kilichonifanya niipende. Baba anachemsha maji. Anamwogesha mtoto. Anamkata nywele, naye anajikata ndevu. Maji yanakuwa meusi. Wanavaa nguo safi. Mtu anayeshinda akiwahudumia wagonjwa anajua kwamba maji ya moto na sabuni humrudishia mgonjwa kitu ambacho dawa haiwezi, na nilikuwa sijawahi kuona filamu ya maangamizi inayosimama na kulipa jambo hilo dakika zake. Kabla ya hapo kuna lile la mto, baba anamsuuza mtoto nywele baada ya kumpiga risasi mtu aliyemshika mtoto kwa kisu. Damu na ubongo wa yule mtu vimemrukia mtoto. Maji ni ya baridi kali, mtoto anatetemeka na kulia, na baba anaendelea kusugua kwa sababu lazima ifanyike na hakuna mwingine wa kuifanya. Nilivyoielewa mimi, filamu yote imo katika mikono ile: kuosha, kufunga miguu kwa vitambaa, kuwasha moto, kukagua, kufunika. Pale inapokaa kwenye kazi hizo, hakuna filamu ya aina yake inayoifikia. Inapoziacha na kuanza kutufafanulia, inateleza.

Na inateleza kwa sababu ya msimulizi. Sauti ya baba inatuelezea mambo ambayo tayari tunayaona: kwamba siku zinazidi kuwa za kijivu, kwamba mtoto ndiye sababu yake ya kuishi. Kitabuni maneno ya namna hiyo yana nguvu kwa sababu McCarthy anaandika kama anayekwangua mfupa, bila sura za kugawa kitabu, bila hata alama za kufungua na kufunga maneno ya wasemaji. Kwenye filamu, uso wa Mortensen ulishayasema. Muziki wa Nick Cave na Warren Ellis ni mzuri ukiusikiliza peke yake, piano na vinanda vya nyuzi vya huzuni, ila unaingia mara nyingi mno. Ungeondolewa nusu, tungesikia majivu yakianguka. Nilihisi mtu fulani chumba cha kuhariri aliogopa kwamba tutachoka tukiachiwa kimya.

Picha sina la kulalamikia. Javier Aguirresarobe, Mhispania, ameupata ule mwanga wa dunia isiyo na jua, na uteuzi wake wa BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, alistahili. Jambo lililonivutia ni kwamba sehemu kubwa ya uharibifu huu ipo kweli. Walipiga picha Pennsylvania, kwenye kipande cha barabara kuu ya zamani kilichoachwa tangu 1968, kikiwa na mahandaki yake ya kupenya milimani; walikwenda Louisiana, kwenye mabaki ya kimbunga Katrina cha 2005; walikwenda Mlima St. Helens, volkano iliyolipuka mwaka 1980 na kulaza misitu. Kompyuta ilitumika zaidi kuondoa majani mabichi na kuitia anga kijivu. Ukijua hivyo, unaitazama kwa jicho jingine: huu mwisho wa dunia ulikusanywa kutoka kwenye misiba ambayo ilishawapata watu, mahali mahali.

Charlize Theron ni mke, na filamu imempa nafasi kubwa kuliko kitabu. Anamzaa mtoto dunia ikiwa imeshazimika, kwa kulazimika, hataki kabisa yule mtoto atoke kuja kwenye baridi ile. Tukio hilo la kujifungua ni gumu kuliangalia, na nimeshapokea watoto wengi. Miaka kadhaa baadaye anaamua kutoka nje usiku, peke yake, na asirudi. Wapo watakaomwita mwoga. Mimi sikumwona hivyo. Anachosema ni kweli tupu: wakishikwa watabakwa, watauawa, wataliwa. Amelitazama jambo hadi mwisho wake na amechoka. Theron anayasema bila kupandisha sauti, na mume hana jibu. Nilitamani filamu ingemwacha hapo, katika nusu giza ya nyumba ile, bila kumrudisha rudisha kwenye ndoto za jua nilizozilalamikia.

Ile nyumba yenye watu waliofungiwa chini ya sakafu sitaieleza. Aliyeisoma riwaya anajua, asiyeisoma ataijua. Nitataja kinachotokea juu yake, chumba cha kuogea, wakati wenye nyumba wamerudi na baba ameelekeza bastola kwenye paji la uso la mtoto. Risasi imebaki moja. Anahesabu kama afanye sasa au asubiri kidogo. Mtoto anamwangalia. Nimeingia kwenye vyumba ambamo familia inaamua kama mashine izimwe, na sijawahi kuona mwigizaji akiukaribia uso ule hivi. Kwa dakika zile tu Mortensen angepaswa kupewa tuzo zote. Kuna jambo baya zaidi kitabuni, linalohusu mtoto mchanga, ambalo filamu imeliacha. Walifanya vema. Kwenye karatasi unalipita kwa sentensi chache. Kwenye skrini lingekula filamu nzima.

Robert Duvall anaingia kwa muda mfupi kama mzee karibu asiyeona. Mtoto anang'ang'ania apewe chakula, baba anakubali shingo upande. Duvall, kwa macho yaliyofunikwa ukungu, anawafunika wote. Nafasi yake ni ndogo, na bado hakuna anayesahaulika kwa shida kama yeye.

Ila tukio ambalo limekataa kunitoka ni la mwizi. Michael K. Williams anaiba toroli lao pwani, na lile toroli ndilo uhai wao. Baba anamfuatilia, anamkuta, na kwa bastola anamlazimisha avue kila kitu alichovaa, hadi viatu. Mwizi anasihi kwamba alikuwa na njaa. Baba anasema anamfanyia kile alichowafanyia wao. Sasa tuambiane ukweli: kumvua mtu nguo zote kwenye baridi ile ni kumuua bila kutumia risasi. Mwili unaanza kutetemeka, kisha unaacha kutetemeka, na ukiacha ndiyo hatari, mtu anachanganyikiwa, analala. Baba anajua. Mtoto naye anajua, ndiyo maana analia njia nzima mpaka wanarudi na kuziacha nguo pamoja na kopo la chakula, mwizi keshatoweka.

Hapo ndipo filamu inapomgeuka baba yake. Tangu mwanzo amemfundisha mtoto kwamba wao ni watu wema, wabebao moto, yaani utu usiozimika. Mtoto ameamini, na sasa anamdai. Baba anamwambia si yeye mwenye kazi ya kuhangaikia kila kitu. Mtoto anajibu kwamba ni yeye. Kuanzia hapo nilimwona baba kama mgonjwa ambaye hofu imeshamshinda kabla ya mapafu. Kila anayekutana naye ni adui. Hana kosa, kwa sababu wengi kweli ni maadui. Lakini mtu akiishi hivyo, akija mwema atamwona vipi? Williams anaigiza aibu na baridi kwa mwili mzima, na ninaamini ni tukio bora la filamu hii, bora hata kuliko handaki.

Mwisho utawagawa watu. Baba anafia ufukweni, mbele ya bahari ambayo nayo ni ya kijivu, na hakuna joto lolote walilolifuata. Anakuja mwanamume mwingine, Guy Pearce, amechafuka na anatisha, na mtoto anamhoji kwa bastola mkononi: wewe ni mtu mwema? Una watoto? Mnakula watu? Huko nyuma kuna mke, watoto wawili na mbwa, na tunaelezwa kwamba walikuwa wakiwafuatilia muda mrefu. Filamu inaongeza kidokezo hapo kati, mbwa anayesikika juu ya handaki na kumfanya baba akimbie kwa hofu. Maana yake msaada ulikuwa mlangoni na baba ndiye aliyeukimbia. Wanaosema mwisho huu ni mtamu mno nadhani hawakuisikia ile sehemu ya mbwa. Kwangu ulikuwa mchungu. Malalamiko yangu ni kasi: kutoka kwenye maiti ya baba hadi tabasamu la mama wa familia mpya ni haraka mno. Kitabu kinampa mtoto siku za kukaa na baba yake aliyelala. Filamu ingemwachia mtoto usiku mmoja wa kweli na ile maiti, tungemwelewa zaidi anapoinuka. Kitabu nacho kina ukurasa wa mwisho kuhusu samaki wa mitoni ambao hakuna kamera ingeuweza, na hawakujaribu. Afadhali.

Ilioneshwa kwanza kwenye tamasha la Venice Septemba 2009, ikaingia kwenye kumbi za Marekani Novemba, mwaka mzima baada ya tarehe iliyopangwa mwanzoni, na haikuvuna fedha za maana. Sishangai. Nani atalipa kiingilio aone haya, wiki ya sikukuu yao ya Shukrani?

Nikilazimishwa kutoa alama, nne kati ya tano. Iliyopungua ni ya msimulizi, piano na mashavu. Ina dakika 111 na watoto wasiwe karibu, hata wale wanaojidai hawaogopi. Usile ukiitazama. Kama hujasoma riwaya, anza na filamu, kwa sababu ukianza na kitabu utakuwa unaisahihisha muda wote. Na kama kwa sasa unamuuguza mzazi nyumbani, mwenye kifua, iweke kando mpaka apone.